Mratibu wa kurejea kazini

Mratibu wa kurejea kazini ni mtu anayeteuliwa mahali pa kazi ili kumsaidia mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi arudi kazini kwa usalama, mapema kadiri afya yake inavyoruhusu. Yeye ni kiungo kati ya mfanyakazi, mwajiri, daktari, chama cha wafanyakazi na chombo kinacholipa fidia. Mratibu si daktari, si mwamuzi wa kiwango cha ulemavu, wala si mlipaji wa fidia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wakati mfanyakazi anatibiwa nafasi yake haipotei, na kwamba siku anayorudi anakuta kazi anayoiweza.

Katika baadhi ya nchi, kama vile Australia na Kanada, hiki ni cheo kinachojulikana na chenye mafunzo yake. Nchini Tanzania shughuli hizo kwa kawaida hugawanywa kati ya afisa rasilimali watu, mwakilishi wa usalama na afya, msimamizi wa kazi na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (kifupi: WCF). Makala hii inaeleza majukumu na mafunzo ya mratibu, sheria za Tanzania Bara zinazohusika, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanyika katika mazingira ya Mikese, mkoani Morogoro.

## Kwa nini mratibu anahitajika

Mfanyakazi akiumia, mambo mawili huweza kupotea: afya na ajira. Hospitali hushughulikia afya. Fidia huziba sehemu ya kipato kilichopotea. Lakini si hospitali wala fidia inayomrudishia mtu nafasi yake kazini. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa amepona kiasi cha kufanya kazi nyepesi, lakini hajui kiwandani kuna kazi gani nyepesi. Msimamizi anazijua kazi zote za kiwandani, lakini hajui mkono wa mgonjwa una uwezo gani. Mgonjwa mwenyewe yuko nyumbani, na pengine anaogopa kuuliza. Pasipo mtu wa kuwakutanisha watatu hawa, wiki hupita, kisha miezi, na nafasi hupewa mtu mwingine.

Wataalamu wa utengamao wanakubaliana kwamba kadiri mtu anavyokaa muda mrefu nje ya kazi, ndivyo uwezekano wake wa kurudi unavyopungua. Sababu si jeraha pekee. Misuli isiyotumika hulegea, ujuzi hufifia, mazoea na wenzake hukatika, na mtu huanza kujiona si mfanyakazi tena. Kwa familia inayotegemea mshahara mmoja, madhara hufika kwenye ada za shule, kodi ya nyumba na chakula.

Kurudi mapema hakumaanishi kurudi kabla ya kupona. Kurudisha mtu kwenye kazi ileile iliyomuumiza, jeraha likiwa bado bichi, ni kosa ambalo mratibu anatakiwa kulizuia. Maana yake ni kuanza maandalizi mapema, hata kama kurudi kwenyewe kutachukua miezi.

## Historia

Wazo la kumrudisha mtu kazini baada ya kuumia lilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nchi za Ulaya na Marekani zilipokuwa na askari wengi waliorudi na ulemavu. Mwaka 1920 Marekani ilitunga sheria iliyopeleka huduma za utengamao wa kikazi kwa raia wa kawaida. Mwaka 1944 Uingereza ilitunga sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa Pendekezo Na. 99 kuhusu utengamao wa kikazi mwaka 1955, kisha Mkataba Na. 159 mwaka 1983. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na shirika hilo walikubaliana juu ya mwongozo wa kushughulikia ulemavu mahali pa kazi, unaogusa pia wafanyakazi wanaopata ulemavu wakiwa tayari wameajiriwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi wanachama, katika kifungu cha 27, kuendeleza utengamao wa kikazi, kulinda ajira zilizopo na kuwa na programu za kurejea kazini. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009.

## Sheria za Tanzania Bara

Mtu anayefanya kazi ya uratibu nchini Tanzania anapaswa kuzifahamu sheria kadhaa, kwa kuwa kila moja inashika upande mmoja wa jambo. Zanzibar ina sheria zake za kazi, ambazo hazielezwi hapa.

### Fidia

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 (Sura ya 263) ilichukua nafasi ya sheria ya zamani iliyotokana na enzi za ukoloni, ambayo iliacha mzigo wa fidia kwa mwajiri mmoja mmoja. Sheria mpya iliunda WCF, ulioanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2015. Mfuko unahudumia sekta ya umma na sekta binafsi. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Waajiri wa sekta binafsi walianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, na kuanzia Julai 2022 kiwango chao kimekuwa asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma.

Mafao ya Mfuko ni matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya msaidizi kwa mtu asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa mfano, anayepata shilingi 300,000 kwa mwezi atalipwa shilingi 210,000. Kwa ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri mara anapoumia. Mwajiri naye anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba tangu alipojulishwa. Madai yanayocheleweshwa zaidi ya miezi 12 huweza kukataliwa.

### Usalama na afya

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo inaweka wawakilishi wa usalama na afya na kamati za usalama. Kwa mratibu, umuhimu wake ni huu: haina maana kumrudisha mtu kwenye mashine ambayo kinga yake bado imevunjika. Chanzo cha ajali kinatakiwa kiondolewe kwanza.

### Ajira

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria hiyo pia inakataza kumwachisha mtu kazi pasipo sababu halali na utaratibu wa haki.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinaeleza utaratibu pale mfanyakazi anaposhindwa kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Mwajiri anatakiwa kuchunguza ukubwa wa tatizo, kushauriana na mfanyakazi, na kutafuta njia nyingine kabla ya kufikiria kumwachisha, ikiwa ni pamoja na kumpa kazi nyingine au kurekebisha ile aliyonayo. Ikiwa jeraha limetokana na kazi, mwajiri anatazamiwa kufanya juhudi kubwa zaidi. Anayeona ameachishwa isivyo haki anaweza kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi aliyepata ulemavu kazini na akabakizwa ni sehemu ya hesabu hiyo.

### Taarifa binafsi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mratibu hawezi kumwonyesha msimamizi cheti cha daktari kwa sababu tu msimamizi ameomba.

## Majukumu ya mratibu

Majukumu ya mratibu hufuata mwendo wa jeraha lenyewe, kuanzia siku ya ajali hadi mfanyakazi atakapokuwa amekaa sawa kazini.

* Siku ya ajali. Kuhakikisha huduma ya kwanza imetolewa, mgonjwa amefikishwa hospitali na familia imejulishwa. Kuandika tukio lilivyotokea wakati mashahidi bado wanakumbuka.
* Siku saba za mwanzo. Kufuatilia taarifa ipelekwe WCF, pamoja na kumbukumbu za mshahara na nyaraka za hospitali. Kumweleza mfanyakazi haki zake kwa lugha anayoielewa.
* Wakati wa matibabu. Kuwasiliana na mgonjwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa simu au kwa kumtembelea. Lengo la mawasiliano hayo ni kumjulia hali na kumwondolea wasiwasi. Yakifanywa kwa sauti ya kumchunguza kama anadanganya, huharibu kila kitu kinachofuata.
* Uchambuzi wa kazi. Kuandika kazi ya mfanyakazi inadai nini hasa: anasimama saa ngapi, anainua kilo ngapi, anatumia mkono upi, kuna vumbi au joto kiasi gani. Karatasi hiyo hupelekwa kwa daktari ili aseme ni lipi linawezekana na lipi bado.
* Kutafuta kazi ya kufaa. Kukaa na msimamizi kuorodhesha kazi za muda zinazolingana na maelekezo ya daktari.
* Mpango wa maandishi. Kuandika mpango wa kurejea kazini, ukiwa na saini za mfanyakazi na mwajiri.
* Ufuatiliaji. Kukutana na mfanyakazi mara kwa mara baada ya kurudi, kurekebisha mpango pale maumivu yanapozidi, na kuufunga pale kazi inapokuwa ya kawaida tena.
* Kumbukumbu. Kutunza jalada la kila mgonjwa mahali penye kufuli, tofauti na jalada la kawaida la utumishi.

Wafanyakazi wengi wa Tanzania huiita karatasi ya daktari ya mapumziko "ED". Karatasi hiyo humwambia mwajiri siku ambazo mtu hatakiwi kazini. Mratibu mzuri huomba pia jambo la pili: mtu huyu anaweza kufanya nini, na kuanzia lini?

## Mpango wa kurejea kazini

Mpango ni karatasi moja au mbili. Hutaja jina la kazi, vizuizi vilivyowekwa na daktari, kazi atakazofanya, saa za kila siku, malipo, mtu wa kumwendea penye tatizo, na tarehe za kupitia upya. Kwa kawaida hufuata ngazi zifuatazo, na mratibu hujaribu ya juu kabla ya kushuka kwenye inayofuata:

1. Kazi ileile, kwa mwajiri yuleyule.
2. Kazi ileile iliyorekebishwa: saa chache, kifaa tofauti, kiti, au mwenza wa kuinua mizigo.
3. Kazi nyingine kwa mwajiri yuleyule.
4. Kazi nyingine baada ya mafunzo mapya, kwa mwajiri yuleyule au mwingine.
5. Kujiajiri, kwa msaada wa mafunzo na huduma za utengamao.

Kazi ya kufaa lazima iwe kazi ya kweli. Kumkalisha mtu getini kutwa bila jukumu lolote, ili tu ahesabiwe kuwa amerudi, humvunjia heshima na hakumsaidii kupona. Ikiwa mtu anarudi kwa saa pungufu, mratibu anatakiwa kuujulisha Mfuko, ili malipo ya ulemavu wa muda yalingane na hali halisi na mfanyakazi asije akadaiwa baadaye.

## Mafunzo

Mratibu hahitaji kuwa na shahada ya udaktari au ya sheria, ila anahitaji msingi wa mambo kadhaa. Kozi zinazotolewa katika nchi mbalimbali hufanana katika mada zifuatazo:

* sheria za ajira, usalama kazini na fidia;
* mwili wa binadamu kwa kiwango cha msingi, na muda wa kawaida wa kupona kwa majeraha ya mifupa, mgongo, mikono na macho;
* magonjwa yatokanayo na kazi, kama vile ya mapafu yanayosababishwa na vumbi na upotevu wa kusikia unaosababishwa na kelele;
* uchambuzi wa kazi na urekebishaji wa mahali pa kazi;
* mazungumzo, usikilizaji na usuluhishi wa migogoro midogo;
* afya ya akili baada ya ajali, ikiwemo hofu ya kuikaribia mashine tena;
* uandishi wa mpango na utunzaji wa kumbukumbu na siri.

Nchini Kanada, taasisi ya NIDMAR, iliyoanzishwa mwaka 1994, ina mitihani ya kutambua ngazi mbili: mratibu wa kurejea kazini na mtaalamu wa usimamizi wa ulemavu kazini. Mitihani hiyo hutumika pia katika nchi nyingine zenye makubaliano nayo.

Kwa Mtanzania anayetaka kujiandaa kwa kazi hii, njia hupitia masomo ya jirani. Taasisi ya Ustawi wa Jamii jijini Dar es Salaam hufundisha ustawi wa jamii na mahusiano kazini. Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichopo mkoani Morogoro, hufundisha usimamizi wa rasilimali watu na sheria. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha afya ya mazingira na ya kazini. OSHA hutoa mafunzo ya usalama na huduma ya kwanza mahali pa kazi, na WCF hutoa mafunzo kwa waajiri kuhusu utoaji wa taarifa na kwa madaktari kuhusu tathmini ya ulemavu utokanao na kazi.

Mratibu anapaswa pia kuwajua wataalamu wa utengamao na kazi ya kila mmoja. Mtaalamu wa fiziotherapia hurudisha nguvu na mwendo wa viungo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo humfundisha mgonjwa kufanya tena shughuli za kila siku na za kazi. Fundi sanifu wa viungo bandia hutengeneza mguu au mkono wa bandia. Mafundi wa aina hiyo wamekuwa wakifundishwa katika chuo cha TATCOT mjini Moshi tangu mwaka 1981.

## Mazingira ya Mikese na Morogoro

Mikese ni kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini, kama kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam na kwenye Reli ya Kati. Madereva wa malori wanaifahamu kwa mizani yake ya barabarani. Upande wa kusini magharibi inaonekana milima ya Uluguru, makao ya Waluguru.

Ukanda huu una kazi za aina nyingi kwa pamoja. Kuna mashamba ya mkonge kati ya Ngerengere na Morogoro, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni. Kuna uchukuzi wa barabara na reli, ujenzi, na uchimbaji wa mawe na mchanga. Kuelekea mjini kuna usindikaji wa tumbaku Kingolwira, na viwanda vya nguo na bidhaa nyingine mjini Morogoro. Kila kazi ina majeraha yake: mkonge una miiba ya macho na mashine ya korona, malori yana ajali na maumivu ya mgongo, mawe yana vumbi na vipande virukavyo, na viwanda vya nguo vina kelele na mikanda ya mashine.

Aliyejeruhiwa vibaya Mikese kwa kawaida hufikishwa Morogoro mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikibidi hupewa rufaa kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Baada ya kuruhusiwa, anatakiwa kurudi kliniki na kwenye mazoezi ya viungo mara kwa mara. Nauli ya safari hizo, ikirudiwa kila wiki, huwa kikwazo kwa mtu ambaye kipato kimepungua. Mratibu akiachia hapo, mgonjwa hukatisha mazoezi na mkono hukakamaa. Kwa hiyo kufuatilia usafiri na ratiba ya kliniki ni sehemu ya uratibu, sawa na kuandika mpango.

Morogoro ina pia mahali pa kujifunzia kazi mpya. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Kihonda, na mjini hapo kipo pia chuo cha ualimu wa ufundi stadi. Aliyekuwa mkata mkonge na asiyeweza tena kuinama anaweza kujifunza ushonaji, umeme au kompyuta bila kuhama mkoa.

### Mfano wa kufikirika

Mfano ufuatao umebuniwa ili kuonyesha hatua zote kwa mfuatano.

Mfanyakazi wa korona katika shamba la mkonge anaumia vidole viwili vya mkono wa kushoto wakati wa kulisha majani kwenye mashine. Mashine inasimamishwa, anapewa huduma ya kwanza na kupelekwa Morogoro. Jioni ile afisa utumishi, ambaye ndiye aliyeteuliwa kuwa mratibu, anaandika maelezo ya mashahidi wawili. Siku ya tatu taarifa inapelekwa WCF. Kamati ya usalama inakagua mashine na kuagiza kinga irudishwe kabla ya zamu inayofuata.

Baada ya wiki sita kidonda kimefunga, lakini mkono haushiki kwa nguvu. Mratibu anampelekea daktari karatasi ya uchambuzi: kulisha korona kunahitaji mikono miwili, kusimama kutwa, na kushika majani yaliyolowa. Daktari anaandika kwamba kazi hiyo haiwezekani kwa sasa, ila mfanyakazi anaweza kuandika, kuhesabu na kuinua uzito mdogo kwa mkono wa kulia.

Mratibu, mnyapara, mfanyakazi na mwakilishi wa chama wanakaa pamoja. Mnyapara anasema kwanza kwamba hana kazi nyepesi. Wanazipitia hatua za kazi moja moja: kukata, kusomba, korona, kuanika singa, brashi, kufunga robota. Inaonekana kwamba kwenye kupima na kuandika robota kuna upungufu wa mtu. Wanakubaliana: wiki mbili za kwanza saa nne kwa siku kwenye mizani, wiki mbili zinazofuata saa sita, kisha saa kamili. Siku mbili za wiki anaondoka mapema kwenda mazoezi ya mkono.

Wiki ya tatu analalamika maumivu ya usiku. Mpango unarudishwa saa nne kwa wiki moja zaidi. Mwisho wa mwezi wa tatu daktari anasema vidole havitarudi kama zamani. Tiba ikiwa imefikia kikomo, tathmini ya ulemavu wa kudumu inafanyika, na kwa kuwa haijavuka asilimia 30, analipwa mkupuo. Kazi ya mizani inakuwa yake ya kudumu kwa barua. Hapo ndipo mratibu anafunga jalada.

Katika mfano huu fidia ililipwa kwa sababu sheria ipo. Ajira ilibaki kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemuuliza mnyapara swali la pili baada ya jibu la "hakuna kazi nyepesi".

## Mipaka ya kazi ya mratibu

Mratibu hulipwa na mwajiri, lakini anamhudumia mfanyakazi. Nafasi hiyo ina mtego. Akionekana mtu wa ofisi tu, wafanyakazi humficha maumivu yao. Akionekana wakili wa wafanyakazi, msimamizi hukataa kushirikiana naye. Miongozo mingi inashauri asiwe mtu yuleyule anayeshughulikia nidhamu.

Mambo yafuatayo hayamhusu: kutoa ushauri wa tiba, kumchagulia mgonjwa daktari, kumshinikiza arudi kabla ya ruhusa ya daktari, kuamua kama ajali inastahili fidia, na kukadiria asilimia za ulemavu. Mfanyakazi asiporidhika na uamuzi wa Mfuko, mratibu humweleza kwamba anaweza kuomba uamuzi huo upitiwe upya, kisha humwachia njia hiyo.

## Changamoto

* Vibarua. Sheria ya fidia haiangalii kama mkataba ni wa maandishi au wa mdomo. Hata hivyo, kibarua asiyeandikwa popote hupata shida kuthibitisha mshahara wake na hata kuwapo kwake kazini. Daftari la mahudhurio lililojazwa kila siku ndilo linaloweza kumwokoa.
* Waajiri wadogo. Mwenye wafanyakazi sita hawezi kumwajiri mratibu, na kazi nyepesi kwake ni chache. Mahali kama hapo mwajiri mwenyewe hulazimika kuwa mratibu.
* Kutotoa taarifa. Baadhi ya ajali humalizwa kwa makubaliano ya mdomo na fedha kidogo ya dawa. Jeraha likija kuleta ulemavu baadaye, muda wa kudai huwa umepita.
* Hofu. Wapo wanaoficha maumivu wakiogopa kuachishwa, na wapo wanaoogopa kwamba wakirudi mapema watapoteza fidia. Hofu zote mbili hupungua mtu akielezwa utaratibu tangu siku ya kwanza.
* Magonjwa ya polepole. Kuvunjika mguu kunaonekana. Kifua kilichoharibiwa na vumbi kwa miaka kumi ni vigumu kukihusisha na kazi bila vipimo vya afya vya mara kwa mara.

Vyama vya wafanyakazi vina nafasi hapa. TPAWU huwaunganisha wafanyakazi wa mashambani, TUICO wale wa viwanda na biashara, na TRAWU wale wa reli. Mikataba ya hali bora inaweza kuweka kipengele cha kurejea kazini na kumtaja mtu wa kukisimamia, hata pale ambapo sheria haijafika.

## Katika nchi nyingine

Nchini Australia kila jimbo lina sheria yake. Katika jimbo la South Australia mwajiri mwenye wafanyakazi 30 au zaidi hutakiwa kuwa na mratibu wa kurejea kazini. Ujerumani, tangu mwaka 2004, humtaka mwajiri ampe mfanyakazi aliyeugua zaidi ya wiki sita katika miezi 12 nafasi ya mazungumzo rasmi ya kurejea kazini. Mfanyakazi ana hiari kukubali au kukataa. Nchini Malaysia shirika la hifadhi ya jamii, PERKESO, lilianzisha programu ya kurejea kazini mwaka 2007, ambapo maafisa wa shirika wenyewe humfuata mgonjwa tangu hospitali hadi kazini. Kenya ina sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ambayo inaweka wajibu wa fidia kwa mwajiri mwenye bima.

Mifumo hii inatofautiana katika nani anamlipa mratibu. Inafanana katika jambo moja: kila mahali huwa kuna mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye mfanyakazi aliyeumia anaweza kumpigia simu.

## Tazama pia

* Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi
* Shirika la Kazi Duniani
* Huduma ya kwanza
* Mkonge
* Mikese
* Mkoa wa Morogoro